Mama, mtoto na mlango wa ukaguzi (sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu wa Tabora, leo tuongelee uwanja wa ndege.

Sisi ni watu wa kusindikizana. Kwa treni, mgeni tunamfikisha mpaka mlangoni mwa behewa, na chupa ya asali tunampa kupitia dirishani. Kwa ndege, asiye na tiketi anaishia nje.

Wapo wanaosema eti ukaguzi ni usumbufu tu. Hapana jamani. Februari 1982, ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikaishia Stansted, Uingereza. Mwanza ni hapo jirani tu. Kwa hiyo tukiambiwa tuvue mkanda na tutoe simu, tuvue, tutoe, tupite.

Ninachopinga ni kitu kimoja: kumtenganisha mgonjwa na anayemsaidia. Mchukulie mama aliyejifungua kwa upasuaji, anampeleka kichanga Muhimbili kwa rufaa. Mkononi mtoto, begani mkoba, na kidonda bado kibichi. Sisi wodini tunamwambia asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Sasa begi ataliwekaje kwenye mkanda wa mashine?

Maoni yangu: aruhusiwe msindikizaji mmoja, kwa mgonjwa, mlemavu au mama mwenye kichanga. Aache kitambulisho, akaguliwe kama abiria, apewe kibali, afike mpaka chumba cha kusubiria, halafu arudi. Marekani walifunga milango kwa wasio na tiketi baada ya Septemba 2001, lakini mashirika ya ndege huweza kumpa kibali anayemsindikiza mtoto au mlemavu. Usalama haujaanguka kwa hilo. Aliyekaguliwa amekaguliwa, awe na tiketi asiwe nayo.

Utaniambia wafanyakazi wa uwanja wapo, watasaidia. Ni kweli, na wengi wana moyo. Lakini msaada wa kubahatisha si utaratibu.

Wakati tunalidai hilo, wewe fanya haya. Ukikata tiketi, sema mapema kwamba unahitaji msaada. Mjamzito, usiogope mlango wa kukagulia chuma: unatumia sumaku, si eksirei. Eksirei iko kwenye mashine ya mizigo, kwa hiyo mtoto mbebe mwenyewe, asipite humo hata kwa utani. Mwenye kifaa cha moyo aseme kabla ya kupita.

Wewe unaonaje, msindikizaji aingie au abaki nje?