Kichwa Kilichonyolewa Nacho Huoshwa

Wako wenzangu wasemao kwamba mwanafunzi hana haja ya kujifunza utunzaji wa nywele, maana shuleni twanyolewa sote. Mimi nasema wamekosa, na sababu yangu ni mdogo wangu.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Rwezamenyo nikamkuta amevaa kofia ndani ya nyumba. Nilipomvua niliona mabaka ya mviringo yenye magamba, na nywele zimekatika pale pale. Yalikuwa mapunye. Watoto wenzake walimcheka kuwa ni mchafu, naye mama alikuwa amekwisha nunua mafuta ya kupaka ya namna tatu, wala hayakufaa kitu.

Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akatueleza kwamba mapunye si minyoo wala si laana, bali ni kuvu inayoingia katika shina la unywele. Mafuta peke yake hayaiponyi. Dawa yake ni vidonge, navyo humezwa kwa majuma mengi bila kukatiza. Tena kuvu hiyo hupita toka kichwa hata kichwa kwa chanuo, taulo, kofia, mto na mashine ya kunyolea. Hapo niliona haya. Likizo iliyotangulia mimi ndiye niliyempeleka kunyolewa kwa mashine iliyokwisha pita vichwa vingi bila kusafishwa, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Siwezi kuapa kwamba ndiko alikoyapata, lakini jambo hilo lanisumbua mpaka leo.

Wengine watasema: nyoa tu, yataisha. La! Kunyoa hakuponyi, maana kuvu imo ndani ya shina, na chombo kichafu ndicho kiienezacho.

Basi nawashauri hivi. Kwanza, kila mtu awe na chanuo lake na taulo lake, na mashine isafishwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kichwa kingine. Pili, kichwa kioshwe walau mara moja kwa juma. Sugua ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kisha suuza mpaka povu liishe. Sabuni ya kufulia iachiwe nguo, maana hukausha ngozi na nywele. Tatu, mwenye nywele ndefu azichane zikiwa na unyevu, akianzia nchani kwenda shinani. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya ngozi hayafiki nchani kwa urahisi. Ndiyo maana hukauka na kukatika. Mafuta kidogo ya kupaka yatosha.

Wazee wetu hawakudharau kichwa. Vijana, na wasichana wasioolewa, walinyolewa amasunzu, nywele zikiachwa kama matuta yaliyopinda mfano wa mwezi mwandamo. Kazi hiyo ilitaka subira na mkono mtulivu. Je, sisi tushindwe hata kuosha mashine?

Nanyi mliokwisha maliza shule, ambao hutukumbuka kwa mipira na vitabu, tafadhalini mtukumbuke pia kwa mashine ya pili na dawa ya kuisafishia.

Mdogo wangu amepona, na kofia yake sasa yatundikwa msumarini. Ukimwona mwenye mapunye usimcheke. Mshike mkono umpeleke kwenye dawa.