Begi la mwanao anayekwenda Kilimanjaro kubeba mizigo

SEHEMU YA 6

Mama zangu na dada zangu wa Chole. (Chole yetu ya Kisarawe. Wale wa Chole ya Mafia mtanisamehe, ninyi mna bahari, sisi tuna mikorosho.) Niliahidi leo tuongee lishe ya mtoto akifika miezi sita. Lishe itasubiri wiki ijayo. Msimu wa watalii unaanza Juni, na mpaka sasa mama watatu na mke mmoja mwenye mimba wameniuliza swali lilelile: kijana anakwenda Moshi, kuna mtu kamwambia kuna kazi ya kubeba mizigo ya wageni mlimani, je, ni salama?

Kazi yenyewe ni halali, ina heshima yake, na maelfu ya vijana wanaifanya. Kule mlimani wanaitwa wagumu. Mimi simkatazi mtu kwenda. Ninachosema, na nitakisema hata kama baba watoto atanuna, ni hiki: kijana asiye na nguo zake za baridi na kitu cha kulalia asipande gari. Kama nauli ipo na begi halipo, basi safari bado. Na katika nyumba nyingi za huku mwenye uwezo wa kulisema hilo likasikika ni wewe mama, au wewe mke.

Sikia sasa. Mkiwauliza vijana, wanawajibu haraka: "Mama usiwe na wasiwasi, kuna sheria, mzigo mwisho kilo 20, unapimwa getini." Ni kweli. Mizani ipo, na sheria ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo wa kazi. Kilo 20 unazijua kuliko mimi, ndoo ya lita 20 ikijaa maji ndiyo hiyo. Umeibeba kichwani toka kisimani tangu una miaka kumi na mbili. Lakini wewe uliibeba robo saa, ukaitua. Yeye anaibeba saa tano, sita, siku sita au saba mfululizo, kwa kupanda. Na juu ya hizo 20 kuna za kwake mwenyewe, nguo na blanketi. Zikiwa kilo tano, jumla ni 25. Kijana wetu wa kawaida ana kilo 60. Piga hesabu, anabeba zaidi ya theluthi ya mwili wake. Wanaotembea milimani kwa starehe hushauriwa wasizidishe moja ya tano, yaani kijana huyo ingekuwa kilo 12.

Si jambo geni kwetu Pwani, wapagazi wa misafara ya Bagamoyo zamani walibeba karibu frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Ila wao hawakulala kwenye barafu.

Hapo ndipo shida ilipo. Kwa sababu kila kitu kinahesabiwa kwa kilo, kijana anaona akipunguza vya kwake ndiyo ameupunguza mzigo. Viti vya mgeni hawezi kuvipunguza, mtungi wa gesi hawezi, hema hawezi. Anachoweza kuacha ni sweta lake. Getini wanapima begi la kampuni, lakini mimi sijasikia mizani inayopima kijana kavaa nini.

Na baridi ya kule si hii ya kwetu. Julai huku upepo wa kipupwe ukivuma tu, tunatoa masweta na watoto tunawavisha soksi usiku. Mlimani joto linapungua takriban nyuzi sita kila ukipanda mita 1,000. Wageni wengi wanalala usiku wa mwisho kabla ya kilele kwenye kambi za juu kama Kibo, mita 4,720, au ile inayoitwa Barafu, zaidi ya mita 4,600. Jina limejieleza. Kule maji ya kwenye chupa yanaganda. Kileleni, mita 5,895, usiku inaweza kushuka nyuzi 10 mpaka 20 chini ya sifuri. Wagumu wengi hawafiki kileleni, wanawasubiri wageni kambini. Watu husema basi afadhali. Jamani, anayepanda angalau anatembea na mwili unapata moto. Huyu anayesubiri amelala chini, jasho la mchana limepoa mgongoni, na hewa anayovuta ina oksijeni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya hapa Chole.

Kwa nini nasisitiza jasho? Nyie mliojifungua mnajua. Mtoto akitoka tu, kabla ya kingine chochote, tunamfuta. Tunaitupa khanga yenye maji, tunamfunika na nyingine kavu, tunamvisha kofia, tunamweka kifuani kwa mama. Labour si mahali pa baridi, huku kwetu ni joto mpaka manesi tunatoka jasho, lakini mtoto mbichi mwenye maji anaweza kupoa humohumo. Maji yanamwibia joto. Mtu mzima mlimani ni vilevile. Fulana ya pamba ikilowa inashika maji, inakaa mwilini kama khanga mbichi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 huo ni ugonjwa tayari: anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa, anajibu ovyo. Akiacha kutetemeka huku bado yupo baridini, hapo hajapata nafuu. Hapo mwili umeshindwa.

Kwa hiyo ninaomba begi hili ulichukulie kama begi la kujifungulia. Tunakwambia ukifika mwezi wa nane begi liwe tayari: khanga, mpira, glovu, pamba, nguo za mtoto, na hakuna anayesubiri uchungu uanze ndiyo aende dukani. Basi na hili liwe tayari kabla ya siku ya kwenda stendi ya Magufuli.

Kubwa kuliko yote ni mfuko wa kulalia, ule unaofungwa zipu mpaka shingoni, wa baridi kali kweli. Huo peke yake ni kilo moja na nusu mpaka mbili, na asije akakubadilishia na shuka mbili za kimasai. Godoro jembamba la povu la kukunja, nusu kilo tu, kwa sababu ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Koti zito lenye kujaa, kilo moja au pungufu. Sweta la manyoya la mtambo, lile jepesi ambalo ukilikamua linakauka upesi. Koti la mvua na suruali yake. Fulana na suruali za ndani za kubana, zisiwe za pamba, pea mbili, moja ya kutembea nayo na moja ya kulalia TU, hiyo ya kulalia isiguse mvua hata kidogo, aifunge ndani ya mpira kama tunavyofunga nguo za mtoto. Mzula. Glovu pea mbili. Soksi nzito pea nne. Buti zenye meno ambazo ameshazitembelea nyumbani, si mpya. Tochi ya kichwani na betri zake, miwani ya jua. Ukiacha buti ambazo anazivaa, vyote hivi vinaweza kuingia kwenye kilo tano kama hakuna upuuzi mwingine.

Upuuzi upo. Wapanda milima wa Ulaya na Marekani wana mtindo wa kupima kila kitu kwa mizani ya jikoni kabla ya safari, mpaka wengine wanakata mpini wa mswaki. Tunacheka, lakini angalia wanachokata: chupa kubwa ya shampuu, suruali ya tatu, kitabu. Mfuko wa kulalia hawaugusi. Kijana wetu anafanya kinyume, anaacha mfuko wa kulalia na anabeba spika ya kuimba, jinzi mbili na raba za kupigia picha. Jinzi ikilowa ina uzito wa mtoto mchanga na haikauki siku tatu. Toa.

Nimeshaanza kusikia, "Nesi, hizo hela tutatoa wapi?" Swali la haki kabisa. Kwanza mitumba. Kwenye mabelo ya Karume pale Ilala huwa mnaingia makoti ya theluji toka Ulaya, na Pwani hii nani anayagombania? Mwambie akague zipu na aangalie kama manyoya ya ndani hayajashuka yote chini. Asipopata, Moshi kuna soko la Memorial, na kule wauzaji wanajua mteja wao ni nani. Pili, pale Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao umekuwa ukiwaazima wagumu nguo za baridi bila malipo. Aulize huko kabla ya kupanda, asione aibu. Tatu, kama hela haipo kabisa, asubiri msimu ujao auze korosho kwanza. Mlima hauondoki.

Kuna kijana wa huku alirudi mwaka juzi akaja kunionyesha vidole vya miguu. Kucha tatu zilikuwa zimetoka na ncha nyeusi, na ganzi ilimkaa miezi. Alipanda na raba na soksi za pamba, zililowa siku ya pili. Getini alipima kilo 20 sawasawa, akapita. Mbele kidogo mwenzake akaugua akashushwa, na kiongozi wao akagawa mzigo wa yule mgonjwa kwa waliobaki. Hakuna mizani huko juu. Nilimuuliza kwa nini hakukataa, akaniangalia kama mtoto. "Nesi, ukikataa safari ya pili huitwi." Hilo nalifahamu, na ndiyo maana sitaki kumbebesha kijana wa miaka 20 jukumu la kubishana na bosi wake mlimani. Lakini awe ameulizia kabla: kampuni ina sifa gani, wagumu wanalala wapi, wanakula mara ngapi kwa siku, mshahara unalipwa lini. Wenzake walioshuka watamwambia.

Sasa la unesi, na hapa naomba usome taratibu.

Kama mwanao ana selimundu, sikoseli mnavyoiita, asiende. Sibembelezi. Baridi, upungufu wa maji na upungufu wa hewa ni mambo yaleyale yanayoamsha maumivu yake hata hapa chini, na kule yote matatu yanamkuta kwa pamoja mbali na hospitali. Hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye hapa nyumbani haumwi kitu, mwinuko mkubwa unaweza kumdhuru bandama. Ugonjwa huu kwetu Pwani ni mwingi na wengi hawajapimwa. Kama ukoo wenu una mtoto aliyekuwa akivimba vidole na kuongezwa damu, mpeleke kijana apime kwanza. Mwenye pumu naye aonane na daktari.

Akiwa mzima, bado kuna ugonjwa wa mwinuko, na hauangalii misuli. Kuanzia kama mita 2,500 kichwa kinaweza kuuma, kichefuchefu, chakula hakipandi, usingizi hakuna. Aseme mapema, apumzike, asipande zaidi mpaka ipungue. Asimeze Panadol akanyamaza ili asionekane dhaifu. Akianza kuhema huku amekaa tu, au kikohozi kina povu, au anayumba kama mlevi, dawa ni kushuka. Usiku huohuo, hata kama mvua inanyesha. Na wakimwambia pombe kali inapasha moto, akatae. Inaleta damu kwenye ngozi, anajisikia moto dakika kumi huku joto la ndani linatoka nje.

Wewe mke mwenye mimba uliyeniandikia: muulize jina la kampuni, njia anayopanda (Marangu, Machame, Lemosho, Rongai), siku ya kupanda na siku ya kushuka. Andika kwenye karatasi, weka ndani ya kadi yako ya kliniki. Mlimani mtandao unakatika, asipopatikana siku mbili usilie, lakini siku ya kushuka ikipita uwe na namba ya mtu wa kumpigia. Na ukubaliane naye tarehe. Kama unatarajia Agosti, safari ya mwisho iwe Julai mwanzoni.

Najua kuna baba wa kusema mwanaume hafungiwi begi na mama yake. Sawa, afunge mwenyewe. Wewe simama mlangoni uhesabu.

Alhamisi ni siku ya kliniki kama kawaida. Tukimaliza watoto, kama saa saba hivi, mwenye kijana anayesafiri aje naye na begi lake lilivyofungwa. Mizani ile ya kuning'iniza tunayopimia watoto inaishia kilo 25. Tutaning'iniza begi, kisha tutalifungua tuone kilichomo. Spika iacheni nyumbani.