Usiige nauli ya ndege kabla hujaiga gharama zake

Wadau, leo nianze na aibu yangu mwenyewe. Msimu wa Idi niliposti mashuka kwa 25,000 wakati wenzangu wanauza 30,000, nikaongeza na "kuletewa bure". Oda zilimiminika mpaka simu ikawa ya moto. Mwisho wa mwezi nikafungua daftari: shuka nimelichukua Kariakoo kwa 20,500, mfuko na selotepu 500, bodaboda kuanzia 4,000 mpaka 6,000. Mteja wa karibu nilitoka naye sare. Wa mbali nilimlipia mimi! Nilikuwa nakula mtaji huku nacheka.

Utetezi wangu ulikuwa kwamba naiga ndege za bei nafuu: shusha bei, uza kwa wingi. Si tunaikumbuka fastjet ilivyoanza hapa Tanzania mwaka 2012, nauli inatangazwa kuanzia 32,000 kabla ya kodi? Wengi wetu tuliona ile namba tu.

Wenzetu hawaanzi na bei. Chukua Southwest ya Marekani, iliyoanza kuruka Texas mwaka 1971. Mwaka uliofuata hela ilibana, wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Safari hawakuzipunguza. Walijifunza kushusha abiria, kupakia wengine na kuondoka ndani ya dakika 10, ndege tatu zikafanya kazi ya nne. Hapo ndipo ilipo siri, maana ndege ikiwa chini haiingizi hata senti, ila gharama zake zinatembea. Tena walishikilia aina moja tu, Boeing 737, kwa hiyo rubani yeyote anarusha yoyote, na fundi hahitaji stoo ya vipuri vya kila namna.

Ryanair ya Ireland nao, ukienda nao Paris wanakushusha Beauvais, kama kilomita 80 kutoka mjini, kwenye uwanja wa gharama ndogo. Januari 2002, watu bado wanaogopa kupanda ndege baada ya Septemba 11, wao wakaagiza Boeing 100 kwa mpigo, kwa punguzo kubwa. Sasa jiulize, nani anaweza kushindana na nauli ya mtu aliyenunua hivyo?

Kuna kitu kimoja chao ambacho mimi sikipendi tukiige kichwakichwa. Begi wanalipisha, kuchagua kiti wanalipisha, na hizo nyongeza ni karibu theluthi ya mapato ya Ryanair. Wewe ukimtajia mteja 25,000, halafu ukifika mlangoni kwake unadai ya mfuko, atakubloku na dada zake wote atawaambia. Gharama ya kupeleka itenge, sawa, ila iandike kwenye posti ileile.

Mimi sasa nauza saizi mbili tu, tano kwa sita na sita kwa sita, nachukua bando zima kwa tajiri mmoja. Mzigo unatoka Jumanne na Jumamosi, boda mmoja njia moja, wateja sita au saba kwa mkupuo. Wa Mbagala wanachukulia dukani kwa wifi yangu (wifi mwenyewe namlipa kwa vocha). Bei ni 27,000, kuletewa unalipa 2,000. Kuna waliokimbia, wale wa "nataka leo leo". Wiki iliyopita mmoja wao karudi, kaulizia Jumamosi boda anapita saa ngapi.