BWANA SHAMBA ASEMA: Balozi Hufungua Mlango



Umepanda miparachichi na umeitunza. Je, matunda utamwuzia nani?

Zamani mabalozi wetu walishughulika zaidi na siasa, hasa ukombozi wa Afrika. Kazi hiyo ilikuwa njema. Mwaka 2001 Tanzania ilitoa Sera Mpya ya Mambo ya Nje. Sera hiyo inamtaka balozi atafute pia masoko, wawekezaji na watalii. Kazi hii huitwa diplomasia ya uchumi.

Kazi hii inataka mafunzo. Tanzania na Msumbiji zilianzisha Chuo cha Diplomasia, Dar es Salaam, mwaka 1978. Lakini balozi akijua siasa tu, hatoshi. Ajue pia bei, ushuru na masharti ya afya ya mimea.

Tazama mfano. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuuza maparachichi yetu huko. Lakini kuna masharti. Matunda yasiwe na wadudu waliokatazwa.

Nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni yako. Tunda moja lenye funza laweza kuharibu soko la kijiji kizima. Kwa hiyo:

- Andikisha shamba lako.
- Okota matunda yaliyoanguka, uyafukie katika shimo refu. Humo ndimo inzi wa matunda huzaliana.
- Usichume matunda machanga.

Ndugu, balozi hufungua mlango. Tunda safi ndilo linalopita.