ASKARI ALIYERUDISHA BUNDUKI APEWE KALAMU



Kila mtu aliyefika Kamina anajua ya kuwa mji huu ni njia panda. Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: njia moja inakwenda Ilebo, na nyingine, tangu mwaka 1956, inakwenda Kabalo hata Kalemie. Na nje ya mji iko Base, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya vita kuu ya pili. Vijana wa vijiji vyetu wanaingia Base na kutoka wakiwa askari. Leo tunauliza neno moja tu: siku yule askari anaporudisha bunduki na uniformu, anashika njia gani?

Neno hili si jipya. Katika Force Publique askari alitumika miaka 7 kwa mkataba mmoja. Mwaka 1960 jeshi lile lilikuwa na askari karibu 25,000, wala hapakuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Lakini jeshi lilipotaka makarani, lilijua kuwafundisha. Joseph-Désiré Mobutu alifundishwa kazi ya biro na hesabu katika shule ya jeshi kule Luluabourg, akatoka jeshini mwaka 1956, akapata kazi ya gazeti Léopoldville. Mambo aliyotenda baadaye kila mmoja wetu anayajua, wala si habari ya leo. Victor Lundula naye alikuwa askari wakati wa vita kuu ya pili. Baadaye akawa burgumesta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na Julai 1960 akaitwa kuwa jenerali. Watu hawa wawili walipita katika mlango kwa sababu walijua kusoma na kuandika. Maelfu ya wenzao walirudi kijijini mikono mitupu.

Na mtu aliyefundishwa bunduki peke yake, akiachwa bila kazi, atafanya nini? Sisi watu wa migodi tunalo jibu, maana lilitufikia mlangoni. Uasi wa Katanga ulipokwisha Januari 1963, askari jendarme wengi hawakupata nafasi katika jeshi la taifa wala kazi ya raia. Wengi wao walivuka mpaka wakaingia Angola. Machi 1977 walirudi na silaha. Mei 1978 walirudi tena, wakaingia Kolwezi, na damu nyingi ikamwagika. Hatusemi ya kuwa kazi ya biro ingezuia vita vile. Vilikuwa na sababu nyingi. Tunasema ya kuwa serikali iliyomsahau askari wake haikumwondoa: ilimwacha kwa mwingine aje kumchukua.

Nchi nyingine pia zimeonja uchungu huu. Tarehe 28 Februari 1948, kule Accra, askari waliorudi kutoka vita kuu ya pili walikwenda kwa miguu kumpelekea gavana barua yao ya malalamiko. Walidai malipo na kazi walizoahidiwa. Polisi walipiga risasi, na watatu wakafa. Wazee waliotii amri vitani waliuawa wakiwa wamechukua barua mkononi!

Marekani walikata shauri mapema. Sheria yao ya mwaka 1944 ilimpa askari aliyetoka vitani pointi 5 za kuongeza juu ya mtihani wa kazi ya serikali, na aliyeumia alipewa 10. Tena kazi fulani, kama ulinzi na utarishi, waliwekewa wao kwanza. Mtihani ulibaki mtihani. Lakini miaka ya jeshi ilihesabiwa kuwa kitu.

Kwetu je? Baada ya vita vya 1998 hata 2003 iliundwa CONADER kwa kazi ya kuwarudisha askari katika uraia. Aliyeacha silaha alipewa dola 110 za kuanzia, na kisha dola 25 kwa mwezi, mwaka mmoja. Baadaye wapiganaji wengine waliletwa hapa hapa Base ya Kamina, mbali na makwao, wakingoja kufundishwa kazi. Mwaka 2021 ukaanzishwa mpango mwingine. Mipango imefuatana kama mabehewa, lakini fedha ya mwaka mmoja si kazi. Na tangu Novemba 2022, Rais Tshisekedi alipowaita vijana waingie jeshini, wengi wameitika. Hawa nao siku moja watatoka. Tusingoje siku ile ndipo tuanze kufikiri.

Sisi tunataja kazi moja: ukarani wa barua na madosye katika biro za serikali. Mtu asiidharau kazi hii. Barua inaingia, karani anaiandika katika kitabu chake, namba, tarehe, imetoka kwa nani, inasema habari gani. Anaitia katika dosye yake, anaipeleka kwa mkuu. Jibu linapotoka, anaandika tena, na kopi inabaki. Hii ndiyo kazi yote, lakini biro nzima inasimama juu yake. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, na huko alijifunza jinsi serikali inavyotembea.

Karani wa mgodi anajua vizuri: dosye ikipotea, mtu amepotea. Mzee aliyechimba shaba miaka 30 anafika dirishani kuuliza pensheni yake, anaambiwa, "Karatasi zako hazionekani." Mjane wa askari anatembea kutoka biro hata biro, kila mahali anaambiwa arudi kesho. Hapo hakuna adui mwenye bunduki. Kuna rafu iliyojaa mavumbi, na karani asiyeandika, au anayengoja kitu kidogo kabla ya kuinuka kitini.

Kwa nini tumtaje askari? Kwa sababu askari mwema amezoea namba. Anajua namba ya bunduki yake. Anajua ya kuwa kitu kikitoka ghalani lazima kiandikwe, na kikikosekana mtu atajibu. Anajua kufika saa yake na kutunza siri. Hiyo ni nusu ya ukarani. Nusu ya pili ni kusoma na kuandika vizuri, nayo inafundishika.

Wengine watasema: "Vijana waliomaliza shule wanakaa bila kazi, na ninyi mnataka nafasi zao zipewe askari?" Neno hili ni la haki, tusilikwepe. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongo katika kupata kazi ya serikali. Kwa hiyo hatuombi mlango ufungwe kwa wengine. Tunaomba pointi chache juu ya mtihani, mtihani wenyewe ukiwa mmoja kwa wote. Wengine watasema: "Askari fulani walitutesa." Ndiyo, wako. Mwenye damu ya raia au wizi mikononi apelekwe kwa hakimu, asipelekwe katika rafu ya madosye.

Basi haya ndiyo tunayodai:

Kwanza, mtihani wa kazi ya serikali utangazwe wazi, hata katika miji kama Kamina, wala si Kinshasa tu, wala si kwa ndugu wa mkuu.

Pili, askari afundishwe kusoma, kuandika, na kazi ya biro na ordinatere mwaka wake wa mwisho, angali anakula posho ya jeshi.

Tatu, anapotoka apewe cheti kinachosema alifanya nini, kwa miaka mingapi. Mtu asiye na karatasi hawezi kudai kazi ya kutunza karatasi.

Nne, akipata kazi, apewe matrikile na mshahara pamoja. Tunao watumishi wa serikali wanaofika kazini kila asubuhi wala majina yao hayamo katika listi ya mshahara. Karani asiyelipwa atakula dirishani, na atakayelipa ni yule mjane.

Na ninyi wandugu askari, tunawaambia wazi: kalamu haitiiwi kwa woga. Raia anayefika dirishani si mtu wa kupigiwa kelele; ndiye mwenye nyumba. Anzeni kujifunza sasa, msingoje siku ya kutoka. Tunzeni kila karatasi mliyopewa.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nchi yetu ina shaba na kobalti, lakini daftari lake limechanika kurasa nyingi. Serikali iwape watu waliolinda mipaka kazi ya kulinda daftari hili, iwafundishe kwanza, iwalipe, na iwakague. Askari atapata mkate wake, na mzee wa mgodi atapata pensheni yake. Hatuombi sadaka. Tunadai utaratibu.