Sherehe ya maharamia
Mwanangu alipotimiza miaka mitano alitaka sherehe ya maharamia. Nilikata panga za maboksi, nikachovya karatasi kwenye chai ya rangi ipate sura ya ramani kuukuu, nikaficha peremende chini ya mkeka. Watoto walifurahi, isipokuwa mmoja aliyejificha nyuma ya mamake.

“Babake ni baharia,” mama akaninong’oneza. “Kila akisafiri tunaomba asikutane na hao.”

Nikaona haya. Huku Mombasa maharamia si wa katuni tu. Tukaweka panga kando, tukawa mabaharia wanaosaka hazina, na mtoto yule akawa nahodha wetu.

Mzazi mwenzangu, ramani na peremende zatosha. Ila kabla ya kualika, waulize wazazi wenzako.