Watafiti wa ubongo, waiteni wasusi

Nawafanyisha mazoezi ya viungo waliopata kiharusi hapa Arusha. Mama mmoja wa Ngaramtoni, mtunga shanga, mkono wake unasogea vizuri, lakini vidole havisikii shanga. Hujua imedondoka inapogonga sakafu.

Kuna njia ya kuufikia ubongo wa mtu kama yeye: mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliuchochea ubongo kwa sumaku bila kupasua fuvu. Ugumu uko kwenye kulenga. Ukilipata eneo la mwendo, kidole gumba kinaruka. Eneo la mguso, lililo nyuma yake tu, halikupi ishara hiyo. Asiye na picha ya MRI hutumia futi ya fundi cherehani: anapima sikio hadi sikio kupitia utosini, anashuka kutoka katikati asilimia 20 ya urefu huo, kisha anarudi nyuma sentimita 2. Ni makadirio, lakini yanawezekana hata Ngaramtoni.

Sasa, mama huyu amesuka. Misuko huinua koili, yaani kifaa kinachotoa sumaku hiyo, na nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri koili inavyokaa mbali na kichwa. Kumwacha nje ya utafiti kwa sababu ya nywele ni kumdhulumu. Mwaka 2020 watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha elektrodi za kupima umeme wa ubongo (EEG) zinazobanwa na misuko yenyewe. Vyuo vyetu viwaite wasusi tangu siku ya kwanza, wapange mistari ya twende kilioni ipishe eneo linalolengwa.